Mboga ya Siku Ngapi

Tumbo langu lilianza kunisumbua miezi michache baada ya kuolewa, na kuanzia hapo halikuwa tumbo langu peke yangu tena. Lingeanza nikiwa bado kwa mama, ningeambiwa nina minyoo, ningemezeshwa dawa chungu na habari ingeishia hapo. Lakini msichana akiolewa kwa watu wasiosema lugha ya kwao, halafu aanze kuugua tumbo, kila mtu anataka kujua amelishwa nini na nani.

Kwetu ni milimani, ng'ambo ya Maseno, kwa Waluhya. Mume wangu ni Mjaluo, na boma lao liko karibu na Luanda Kotieno, mahali ambapo ukisimama mlangoni pa jikoni unaona samaki wakishushwa ufuoni. Sisi wenyewe tulikaa Kisumu, vyumba viwili vya kupanga huko Kondele, yeye akiwa karani wa stoo na mimi opereta wa simu. Miaka ya sitini ilikuwa inaelekea kwisha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini na mitatu, na hospitali nilikuwa nimeingia mara moja tu maishani, kumwona shangazi.

Mama mkwe wangu alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, asiyepoteza maneno. Hakujua Kiluhya hata neno moja, na Kijaluo changu kilikuwa cha salamu, kwa hiyo tuliongea Kiswahili, kile alichokiokota sokoni akiuza samaki. Aliniita chi wuoda, yaani mke wa mwanangu. Kila mwisho wa mwezi tulipokwenda kumwona alinipokea mlangoni, akanitazama kutoka kichwani hadi miguuni, akasema lile lile.

"Wewe iko mwembamba, chi wuoda. Watu itasema sisi nanyima wewe chakula. Kaa chini, kula."

Nami nilikula. Alikuwa na chungu cheusi cha mboga ambacho hakikukauka jikoni mwake, na mboga zake zilikuwa laini, chungu kidogo, tamu kuliko nyama. Alinifundisha kuzipika, nikawa nazipika Kondele karibu kila juma, na mume wangu akaniambia sasa nimekuwa mtu wa kwao. Nilijisikia vizuri siku ile. Nasema hivyo kwa sababu ni moja ya mara chache katika miaka ile nilizojisikia vizuri baada ya kula.

Sina haja ya kueleza kila kitu. Tumbo lilivimba mpaka sketi ikakataa kufunga. Lilinguruma mbele za watu. Siku mbili lilifunga kabisa, siku ya tatu likafunguka, na likifunguka halikungoja mtu. Choo cha ploti yetu kilikuwa kimoja kwa nyumba nane, na majirani walizijua hatua zangu. Kazini ilikuwa mbaya zaidi. Opereta haondoki mezani bila ruhusa. Unainua mkono, unangoja msimamizi akuone, na huku mtu wa Nairobi anapiga kelele masikioni mwako kwamba amekatwa. Msimamizi wetu alikuwa mama wa Kikristo mwenye saa ndogo ya kifuani. Kila nikiinua mkono aliitazama saa ile kwanza, kisha mimi.

"Tena?" alikuwa akiuliza, mbele ya wasichana wote.

Tena, ndiyo. Nilimchukia kwa neno lile moja.

Kanisani walianza kunipa kiti. Wanawake waliona tumbo lilivyojitokeza asubuhi ya Jumapili, wakatabasamu, na mmoja akaninong'oneza kwamba inafaa nile udongo mweupe. Jumapili iliyofuata tumbo halikuwepo. Wakanitazama kwa huruma. Wiki mbili baadaye likarudi, na sasa wakawa hawajui wanipongeze au wanipe pole. Ningeweza kucheka kama ingekuwa ya mtu mwingine.

Mama yangu hakucheka. Nilipomtembelea alinishika mkono, akanipeleka nyuma ya nyumba kwenye migomba, akanena polepole kama mtu anayehofia miti itasikia.

"Mwanangu, ulipokuwa kwangu ulikuwa unaumwa tumbo?"

"Hapana, mama."

"Unaumwa ukila wapi?"

Tulilijua jibu wote wawili. Kila nikitoka Luanda Kotieno nilikuwa hoi siku tatu.

"Usile tena kwa huyo mama," akasema.

Nilimwambia mume wangu, na hilo lilikuwa kosa langu. Si mtu wa hasira, lakini aliweka kijiko chini.

"Sikiliza. Ukikataa chakula cha mama, utakuwa umesimama katikati ya boma letu ukamwita mchawi. Hakuna atakayekuuliza tumbo linasemaje. Yeye atakaa hapo na hilo jina mpaka azikwe. Na sisi wawili sijui tutarudi pale kwa miguu gani."

Basi ikawa hivyo. Nikila naugua, nisipokula namuua mama wa watu akiwa hai. Nilijua kwamba ni daktari tu atakayenitoa hapo, awe na jina la ugonjwa, jina lolote la kitabuni, nilibebe nikaliweke mbele ya mama yangu na ya mama mkwe wangu, waone kwamba si mtu.

Nilianzia hospitali ya serikali. Siku zile ulikwenda na chupa yako mwenyewe ya kutilia dawa, mimi nilikwenda na ya soda niliyoiosha kwa mchanga, na choo ulikipeleka ndani ya kiberiti kitupu. Nilikaa kwenye benchi kuanzia alfajiri nimeshika kile kiberiti ndani ya leso. Mwanamume aliyekaa kando yangu aliniomba nimwashie sigara. Nilipomwambia ni cha nini alihamia benchi lingine.

Walinipa dawa ya minyoo. Nikarudi. Walinipa dawa ya amiba, vidonge vilivyofanya mdomo wangu unuke kama chuma. Nikarudi. Wakanijazia chupa dawa nyeupe nzito kama chokaa, ninywe vijiko viwili baada ya kula, na nilipoimaliza nikarudi na chupa ile ile. Karani wa dirishani akaniuliza kama mimi ni mfanyakazi wa pale.

Baada ya mwaka wa hayo, mume wangu alinipeleka kwa daktari wa mjini aliyekuwa na kliniki juu ya duka la vitambaa. Alikuwa mzee mpole mwenye miwani mizito. Alinibonyeza tumbo kwa vidole viwili, akafunga macho, akasema nina vidonda vya tumbo. Nikasikia raha ajabu. Jina lilikuwa limepatikana.

"Dawa ni maziwa," akasema. "Glasi moja kila baada ya saa mbili. Hakuna pilipili, hakuna wasiwasi. Pumzika nyumbani mwezi mmoja."

Simlaumu. Ndivyo walivyosoma wakati ule, na watu wengi waliambiwa vivyo hivyo.

Nilichukua likizo yangu yote ya mwaka nikaenda nayo Luanda Kotieno, maana mama mkwe alipopata habari kwamba dawa ni maziwa alituma neno siku ile ile kwamba niletwe. Alikuwa na ng'ombe mmoja aliyetoka kuzaa. Alinikamia mwenyewe. Alinihesabia saa kwa jua, na jua lilipofika mahali fulani kwenye ukuta wa ghala alinijia na kibuyu.

"Kunywa, nyathina, mtoto yangu. Daktari nasema. Maliza yote."

Alikuwa anafurahi. Nilimwona nikaelewa kwamba mwaka mzima maneno yalikuwa yanamfikia, na sasa daktari wa Kisumu amesema dawa ya mke wa mwanawe iko mikononi mwake. Nilimaliza yote. Nilijikaza kisabuni siku nne. Siku ya tano sikuweza kusimama. Nilikuwa nikitambaa kwenda chooni na kurudi, na mwisho sikuwa narudi, nililala kwenye nyasi pale pale kando ya choo.

Wanawake wa maboma ya jirani walikuja kunipa pole. Walikaa kidogo, walikataa chai. Mmoja mmoja waliondoka wakipita mbali na jikoni. Mama mkwe alikuwa ameketi nje kwenye kigoda, kibuyu miguuni, na hakuna aliyesimama kumwamkia. Nilimwona kupitia mlangoni. Nilitaka kupiga kelele kwamba ni vidonda, ni vidonda tu, daktari amesema. Sikuwa na sauti.

Mume wangu alikuja kunichukua. Hatukufika Kisumu, nilizimia njiani, tukashukia Maseno kwenye hospitali ya misheni.

Daktari wa pale alikuwa Mzungu wa kike, mwenye umri wa mama yangu, aliyekaa nchini miaka mingi na aliyesema Kiswahili polepole. Waliniongezea maji kwa sindano. Siku ya tatu alivuta kiti, akaniuliza maswali ambayo sikuwahi kuulizwa. Nilipomweleza habari ya glasi kila saa mbili alikunja uso.

"Kuna watu wazima ambao tumbo haliwezi maziwa," akasema. "Wengi tu. Nyinyi hapa, karibu wote mlioko wodini. Huna vidonda. Acha maziwa kabisa. Nunua daftari, uandike kila unachokula na tumbo linavyofanya, halafu urudi."

Nilikuwa tayari kuamini chochote. Nilirudi Kondele, nikaanza kunywa turungi, chai isiyo na maziwa, nikaandika. Niliandika kwa uaminifu kama mtoto wa shule. Asubuhi, turungi na viazi vitamu. Mchana, ugali, nyama. Jioni, ugali, omena. Tumbo sawa. Kesho yake ugali, mboga. Tumbo limevimba, nimeondoka mezani mara tatu. Nilipata nafuu kidogo, nikarudi nyuma, nikapata nafuu, nikarudi nyuma. Tulikwenda nyumbani mwisho wa mwezi na nikaandika hapo pia, ugali, mboga, ugali, samaki, mboga, na baada yake siku tatu za kurasa ambazo sitaki kuzikumbuka.

Nilipompelekea daktari lile daftari alilisoma lote. Aligeuza kurasa, akarudi nyuma, akavua miwani.

"Maziwa hunywi?"

"Hapana, daktari. Hata tone."

"Na unapokwenda kwa mama mkwe?"

"Hata huko. Nilimwambia daktari amekataza vibuyu, akaacha."

Akaniuliza kwa upole kama nyumbani kuna amani. Kama mama mkwe wangu ananitisha. Alisema tumbo linaweza kuugua kwa sababu ya roho. Damu ilinipanda kichwani. Nimetoka Kisumu na daftari, nimeandika mpaka upepo unaonitoka, na sasa hata Mzungu amefika kwa mama mkwe! Nilianza kulia, na mimi si mtu wa kulia.

Alikuwapo muuguzi aliyekuwa akifunga bandeji kwenye meza ya pembeni, mama wa makamo, Mjaluo wa upande wa ziwani. Alikuwa akisikiliza muda wote akijifanya hasikii. Alikuja, akaliinamia daftari, akaweka kidole kwenye neno moja.

"Hii mboga," akaniuliza, "ni mboga ya siku ngapi?"

"Siku tatu," nikasema. "Ya mama mkwe ni siku nne."

Akamgeukia daktari, akaanza kucheka, si kwa ubaya.

Sijui nitalielezaje hili kwa mtu ambaye hajapika jikoni za kule. Zile mboga chungu, akeyo na osuga, haziliwi siku zinapochumwa. Zinachemshwa, zinatiwa maziwa, zinalala. Kesho zinachemshwa tena, zinatiwa maziwa tena. Siku ya tatu uchungu umekwisha na chungu kimekunywa maziwa kuliko ndama. Na hakuna mtu, hata mmoja, anayeyaita maziwa. Ukishayatia ndani, ni mboga. Ungeniuliza kama nimekunywa maji ningesema hapana huku nimetoka kula ugali. Kwetu milimani hatukuwa na ng'ombe, mama alipika mboga kwa chumvi na magadi, na ndiyo sababu kwake sikuugua. Mwaka mzima na nusu nilikuwa nikijipikia ugonjwa wangu mwenyewe, nikiukoroga kwa mwiko, nikiuonja kama umekolea.

Daktari naye alicheka mwishowe. Lakini kabla sijaondoka aliniambia nisitarajie miujiza. Alisema utumbo wangu sasa umekuwa mwepesi wa kushtuka, kwamba hata bila maziwa utanisumbua nikila kwa haraka au nikiwa na wasiwasi, kwamba hautaniua na wala hautaniacha, na kwamba hakuna chupa ya dawa hiyo. Alisema kweli. Nimeishi nao mpaka leo na nimechoka nao.

Nilikuwa nimepata nilichokitafuta, jina la kitu kisicho mtu, lakini sikuwa na furaha niliyoitarajia. Kumwambia mama yangu ilikuwa rahisi, alisema mhm, akabadilisha mazungumzo. Ilibaki Luanda Kotieno. Nilitakiwa niingie jikoni mwa mwanamke yule, mbele ya chungu chake, niseme ndicho. Daktari angesema lactose, sukari ya maziwa, au nini sijui. Majirani wangesikia tu kwamba ni chungu chake.

Nilimwomba mume wangu abaki nje. Mama mkwe alikuwa amechuchumaa motoni. Alikuwa amenipakulia tayari.

"Mama," nikasema, "siwezi kula hii."

Mwiko ulisimama. Hakugeuka.

"Daktari anasema ni maziwa. Hata yale ya kwenye mboga. Si wewe, mama. Ni maziwa tu."

"Nani alikuwa nasema ni mimi?"

Nilitazama majivu. Aliniacha niyatazame muda wa kutosha, na nilistahili. Kisha akageuka kwenye kigoda chake, akaweka mikono magotini.

"Hiyo maziwa nafanya tumbo yako nini? Sema yote."

Nikamwambia. Kwa aibu, mkwe na mkwe, nilimwambia kuvimba, kunguruma, kukimbia.

"Naanza lini? Ukimaliza kula?"

"Kama saa moja. Saa mbili."

"Nakata hapa?" Alijishika chini ya kitovu. "Halafu kama siku mbili hakuna kitu, halafu yote mara moja?"

"Ndiyo, mama."

Alitazama chungu. Ulikuwa uso ambao sikuwahi kuuona kwake, uso wa mtu anayehesabu miaka.

"Kara," akasema, yaani kumbe. "Hata mimi."

Nilidhani sikumsikia vizuri.

"Tangu naletwa hapa. Nilikuwa msichana kama wewe. Mama ya bwana yangu alinifundisha kupika hii. Nakula, naumwa, naenda kule kwa kichaka kabla watu haijaamka. Nikafikiri tumbo ya mwanamke ameolewa iko namna hiyo." Alikwaruza kitu kwenye kidole gumba. "Nikazaa watoto saba na hiyo tumbo. Nikauza samaki na hiyo tumbo."

"Kwa nini hukusema, mama?"

"Nimwambie nani? Wewe daktari alikuuliza. Mimi hakuna mtu alishauliza."

Alisema hivyo bila kulalamika, kama anavyotaja mvua ya juzi. Mimi ndiye niliyeona uchungu, na uliniuma kuliko tumbo. Mwanamke yule alikuwa amekaa kwenye kigoda nje, watu wakipita mbali na jiko lake, na pale pale alipokaa tumbo lake lilikuwa likimkata kwa mboga ile ile, naye hajui kwamba kuna neno la kujitetea.

Aliinuka. Alikiondoa chungu kikubwa motoni, akatafuta sufuria ndogo, akachuma kunde nyuma ya nyumba akiwa amejifunga leso kiunoni. Alizipika kwa chumvi na nyanya, haraka haraka, akikunja pua. Zilipoiva alizimimina kwenye bakuli moja, akaketi upande wangu wa mkeka, akamega ugali wake na kuuchovya humo.

Alitafuna muda mrefu.

"Haina utamu hata kidogo," akasema. Kisha akalivuta bakuli karibu na magoti yake, akaendelea kula.